Nani Atasoma Sehemu ya Mfagiaji

Tonton Dieudonné,

Leo ni samedi, Jumamosi yetu ya kusoma, na sijui kama Papa Norbert atakuja. Naanza na hilo kwa sababu uliniambia, tangu nilipokuwa mwanafunzi wako wa Kifaransa, kwamba mwenye habari nzito aiseme mwanzoni, asimzungushe mtu. Nimefanya kazi ya redio kwa kanuni hiyo mpaka nywele zimeingia mvi. Basi habari nzito ni hii: usomaji wako wa samedi unakaribia kuvunjika, na kinachouvunja ni kitu ulichokipanga wewe mwenyewe, kwa nia njema.

Nakuandikia nikiwa kwenye barza yako, kabla ya saa ya kusoma. Kila pikipiki ikipunguza mwendo barabarani nainua kichwa. Papa Norbert hapandi pikipiki. Huja kwa toleka, amekaa wima nyuma ya baiskeli kama anapelekwa kuapishwa, kwa sababu anasema pikipiki inamharibia kofia. Kwa hiyo sina sababu ya kusikiliza pikipiki. Bado nasikiliza.

Nikupe yaliyobadilika tangu tulipokuzika. Ndugu zako walikuja kutoka Yanonge, walilia, walikula, wakarudi na mashua ya kwanza iliyopata mafuta. Kiti chako kiko palepale ukutani. Hakuna anayekikalia isipokuwa paka wa jirani, na mke wako, Mama Odette, hamfukuzi. Umeme haujabadilika: bwawa la Tshopo tunalisikia likinguruma kutoka hapa, na bado tunasoma kwa mwanga wa mchana kama ulivyotuzoesha. Naye hajafunga mlango. Aliniambia, akipepeta mchele, bila kunitazama: "Batu bakiendelea kuya, tutasoma. Siku nitaona viti iko bule tu, bila batu, nitafunga. Sitaweza kuangalia viti." Ndiyo maana namhofia Papa Norbert. Akiondoka yeye, wataondoka wale wawili wanaomfuata kwa kila jambo, na Mama Odette atahesabu viti kwa macho, kisha atafunga.

Mengine unayajua, lakini nayaandika ili nipange kichwa changu.

Padri wa parokia yetu alipohamishwa alikuachia katoni ya riwaya za Kihindi zilizotafsiriwa Kifaransa. Ulizisoma zote peke yako kwanza. Kisha ukatuita, mkaanza ninyi wawili, wewe na Mama Charlotte muuza kwanga za muhogo, tukafika kuwa barza nzima. Ulisema kitabu ni cha kusomwa kwa sauti, na kila mtu apewe mtu wake kitabuni. Wewe ulisoma maelezo, ukiyageuza papo hapo kuwa lugha yetu. Sisi tulisoma maneno ya watu. Na uliongeza sheria yako, ile ambayo sijaiona kwingine kokote: aliye ndani ya nyumba katika hadithi akae juu kwenye barza, na aliye nje akae chini kwenye ngazi. Akialikwa ndani, apande. Ulisema mwili ukikaa mahali pake, kichwa kinaelewa haraka.

Ulitufundisha kuhusu Wadalit kabla hatujafungua ukurasa wowote. Watu ambao kwa vizazi walizaliwa wakiwa wamekwisha kupewa kazi ya kufagia vyoo, kuchuna ng'ombe waliokufa, kusafisha mifereji, na ambao kuguswa kwao tu kulihesabiwa kuwa uchafu. Ulituambia kwamba jina hilo wamejichagulia wenyewe, na maana yake ni waliovunjwa. Ulisema: "Mukisoma, muangalie kitu moja tu. Nani iko na mudomo, na nani mudomo yake inasemewa na mwingine." Niliyaandika maneno hayo kwenye karatasi ya habari za saa sita, pembeni, na nikayasoma tena nikiwa studio.

Tukaanza na kile tulichokiita kitabu cha mafuriko. Mwandishi alikuwa mtu wa tabaka la juu, mtu mwenye huruma. Huruma ilionekana katika kila mstari. Mto unafurika usiku. Mfagiaji wa mifereji anamwokoa binti wa mwenye mashamba, anampeleka hekaluni ambako watu wote wamekimbilia, na kwa kuwa miguu yake imekanyaga ndani, wanampiga na kumtupa nje. Anakufa kwenye ngazi, mvua inamnyeshea, anatabasamu. Ndani ya mlango, kaka wa yule binti analia na kuanzia hapo anakuwa mtu mwema.

Ulipogawa sehemu, Papa Norbert alipewa mwenye mashamba. Nani mwingine? Alikuwa chef de bureau, mkuu wa ofisi, maisha yake yote, na sauti yake bado inaomba saini tatu. Mama Charlotte alipewa mama. Mimi nilipewa binti, watu wakacheka kwa sababu ya umri wangu. Na Etienne, wewe ulimtazama kwa upendo kabisa, nakumbuka, ukamwambia: "Etienne, weye utasoma mufagiaji. Weye utamuelewa."

Etienne wetu, anayebeba mizigo pale uwanja wa ndege wa Bangboka, ambaye mama yake alimleta mjini mgongoni kutoka msitu wa upande wa Bafwasende, na ambaye hapa Kisangani watu wanamwita Mumbuti, kwa jina la watu wa msituni, hata baada ya kuambiwa jina lake. Alichukua kitabu, akashuka akakaa kwenye ngazi.

Alikaa kwenye ngazi samedi baada ya samedi. Jua la alasiri huwa linazipiga ngazi zako, unajua. Katika sura ya kwanza alisema, "Ndiyo, bwana." Katika sura ya pili hakusema kitu. Alipotaka kugeuza ukurasa alikuuliza:

"Tonton, huku mimi sisemi?"

"Hapana, huku unateseka."

"Na ukurasa ile ingine?"

"Unateseka bado."

"Donc nakaa tu."

"Donc unakaa tu, mwanangu."

Tulicheka sana. Etienne alicheka kuliko sote. Mama Charlotte alisema yule mfagiaji labda alikuwa na jino bovu. Na tulipofika mwisho, anapokufa, wewe ulifunga kitabu taratibu na Mama Charlotte akafuta macho kwa kitenge. Etienne alipanda ngazi akauliza kama mikate imebaki. Haikubaki. Sahani ilikuwa imeanzia juu.

Baadaye ulituletea kitabu cha ngozi, kilichoandikwa na mtu aliyezaliwa humo humo, mtoto wa wachuna ng'ombe. Hapo tulichanganyikiwa, kumbuka. Mtu huyo alisema kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Alikuwa na hasira, alikuwa na kiburi cha shati jeupe, alimwonea haya baba yake kwa harufu yake, kisha akaona haya kwa kuona haya. Alidanganya kuhusu jina lake ili apangishwe chumba. Papa Norbert alisema: "Huyu hata hapendezi." Wewe ukaruka kitini kwa furaha: "Voilà! Hapendezi! Kwani weye unapendeza, Norbert?" Halafu ukatuambia kuna kingine cha mwanamke wa watu hao hao, anayewasema mabwana wa tabaka la juu na pia waume wa nyumbani kwake, ambao nje wanapigania heshima na ndani wanainua mkono. Ulisema tutakianza baada ya kurudia cha mafuriko, ili tuone kwa masikio yetu tofauti ya mtu anayesemewa na mtu anayesema.

Hukufika. Tension, ile presha ya damu, ilikuchukua Jumatatu, kabla chai yako haijapoa.

Samedi iliyopita ndiyo ilikuwa ya kwanza bila wewe. Walinipa mimi kitabu cha mafuriko na kazi ya kugawa. Sikufikiri. Niligawa kama ulivyogawa wewe, kama mtu anayepanga sahani za jana kwenye meza ya leo. Papa Norbert, mwenye mashamba. Mama Charlotte, mama. Nikasema, "Etienne, mufagiaji," na tayari nilikuwa natazama jina linalofuata.

"Hapana," Etienne akasema. "Leo mimi nitasoma patron, ule mwenye mashamba."

Watu wakacheka. Mmoja akasema patron gani huyo mwenye mabega ya mizigo. Etienne hakukasirika, alikuwa anatabasamu.

Papa Norbert akauliza: "Bon. Na mimi nitasoma nini?"

"Utasoma mimi, papa."

Hapo kicheko kilikatika. Papa Norbert alimtazama, akanitazama mimi, akatazama kiti chako. Akasema: "Dieudonné angekuwa hapa, maneno hii ingepita?" Akachukua kofia, akashuka ngazi bila kushika ukuta, akaita toleka. Hakusema kwamba hatarudi, na hakusema atarudi. Mama Charlotte alisema tu, "Basi mikate itakauka," na hatukusoma siku hiyo.

Nilitembea na Etienne mpaka barabara kubwa. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote ninayemhoji: kwa nini leo, na kwa nini si wakati wa Tonton.

"Ya Zaina, dada yangu, ule mutu wa kitabu ni muzuri sana. Banamupiga, anasamehe. Banamutupa, anacheka. Hata mbuzi unaipiga inakasirika. Mimi naye hatujuane. Lakini Tonton alisema nitamuelewa, basi nilikuwa naona haya kumuambia simuelewe."

"Ungemwambia."

"Ningemuambia nikiwa nakaa wapi? Kwa ngazi?"

Tonton, hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole. Wewe ndiye uliyetufundisha kutazama nani ana mdomo. Ulituonyesha jinsi mwandishi mwenye huruma anavyoweza kumtengenezea maskini utakatifu wote, kisha asimbakizie hata neno moja la kujibu. Ulituonyesha kwamba mfagiaji anakufa ili mtoto wa patron akue, kama kuni zinavyoungua ili chungu cha mwingine kiive. Na ulipomaliza kutuonyesha, ulimtazama mtu mmoja katika barza nzima, ukamweka kwenye ngazi. Nasi sote tulikuwapo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuona, nilikuwa nimekaa juu na sahani ya mikate mapajani.

Sikulaumu kwa kelele. Naripoti.

Na hofu yangu ni hii. Papa Norbert asipokuja, tutasoma kitabu cha mwanamke yule viti vikiwa vinapungua, na Mama Odette atafunga. Akija kwa sharti kwamba mambo yarudi kama zamani, nitalazimika kumwambia Etienne ashuke tena, na Etienne atashuka, kwa adabu, na samedi inayofuata atakuwa na mizigo mingi Bangboka. Siwezi kumpoteza yeye, siwezi kumpoteza yule. Nimebadilisha betri za kinasa sauti ilhali hata sikusudii kurekodi. Mama Charlotte amefika, anapanga mikate. Etienne amefika, amevaa shati jeupe, amenyolewa. Amekaa juu, ukutani, karibu na kiti chako lakini si juu yake.

Baiskeli imesimama. Naacha hapa.

*

Ni Jumapili. Nimetoka kulala vibaya, lakini niko na akili ya kuandika.

Alikuja. Alishuka kwenye toleka, akamlipa kijana, akasimama chini akiwa na kofia yake. Hakuna aliyesema karibu, wala hakuna aliyesema kaa chini. Mwishowe Papa Norbert akaitazama ngazi ya kwanza kama mtu anayekagua kiwanja, akatandika gazeti, akakaa juu yake.

"Bon," akasema, bila kugeuka. "Mufagiaji ni mimi. Lakini nisisikie mutu anacheka."

Watu walicheka. Na yeye mabega yalitikisika kidogo, nafikiri.

Nilisoma maelezo mahali pako. Etienne alisoma patron. Tonton, ungekuwepo. Hakusoma patron wa India. Alisoma Papa Norbert. Kile kikohozi kabla ya kukataa jambo. Ile "nitaona, nitaona" yenye maana ya hapana. Mama Charlotte alijificha uso kwa kitenge, akicheka mpaka akatoka machozi. Kutoka kwenye ngazi sauti ikauliza: "Mimi nasemaka vile?" Barza nzima ikajibu, "Eee, papa!"

Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu kitabu ni kirefu. Jua lilimfikia Papa Norbert. Alivua kofia, akajipepea, akaivaa tena. Alifuata kwa kidole. Baada ya muda akauliza:

"Zaina. Ukurasa hii, mimi sisemi?"

"Hapana, papa."

"Na ile ingine?"

"Hapana."

Hakusema "donc nakaa tu." Nilikuwa nimengoja aseme. Aligeuza ukurasa mapema, akageuza wa tatu, wa nne, akirudi nyuma na kwenda mbele, kama mtu anayetafuta jalada analojua alilipeleka ofisi fulani. Sahani ya mikate ilizunguka. Hakuna aliyepanga lolote, nakuapia. Sahani ilizunguka kama ilivyozunguka siku zote, kuanzia juu. Ilipomfikia ilikuwa na mkate mmoja, ule ulioungua upande. Aliushika akautazama muda mrefu, kisha akainua macho juu, si kwetu, kwa Etienne. Etienne alikuwa na wake mdomoni. Aliacha kutafuna.

Tukafika mwisho. Mto umefurika, binti ameokolewa, wamempiga mfagiaji, wamemtupa, mlango wa hekalu umefungwa. Nilisoma kwamba amelala kwenye ngazi na mvua inamnyeshea. Nilisoma kwamba anatabasamu.

"Hapana," akasema Papa Norbert.

Nikashusha kitabu.

Alisimama. Alikuwa na kipande cha gazeti kimemgandamia suruali nyuma na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akasema, kwa sauti ile ya ofisi, lakini ilikuwa imepasuka mahali: "Mimi siko nakufa hivi. Mutoto wenu iko muzima kwa sababu yangu. Kwanza munifungulie mulango."

Neno hilo halimo kitabuni. Wote tukamgeukia Etienne, kwa sababu yeye ndiye alikuwa patron, na mlango ulikuwa wake. Etienne alitazama ukurasa. Akageuza. Akarudi. Nilimwona akitafuta kwa dhati, kwa kidole, mstari kwa mstari, kile ambacho mwenye nyumba angeweza kumjibu mtu huyo.

"Papa," akasema mwishowe, "hapa habakuandika kitu."

Wakatazamana, mmoja juu, mmoja chini. Bwawa lilikuwa linanguruma. Mimi sikuwa na maelezo ya kusoma. Kisha Etienne akafunga kitabu, akashuka ngazi mbili, akasogeza gazeti, akakaa. Baada ya kitambo Papa Norbert naye akakaa. Hawakukumbatiana, Tonton, usiniongezee. Papa Norbert alivunja ule mkate ulioungua, akampa Etienne upande uliokuwa mzima, akamwambia: "Lakini ile kikohozi, unazidisha." Etienne akajibu, "Nilipunguza, papa."

Sijui kama yote yamepona. Mmoja wa wale wawili wanaomfuata Papa Norbert aliondoka bila kuaga, na sijui kama atarudi. Etienne hajasema kama atakuja samedi ijayo; amesema kuna ndege. Mama Odette alikusanya viti akaviegemeza ukutani, na mlango akauacha wazi, lakini hiyo ni jana tu. Bado nina wasiwasi. Ila sasa najua ninaogopa nini.

Kuna jambo moja la mwisho. Ndugu zako wanataka tutoe matanga karibuni, na wameniomba niandike neno la siku hiyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa redio. Nimeanza mara kadhaa. Kila nilipoanza ulitoka mtakatifu: mwalimu mwema, mwenye subira, aliyependa wote, aliyeondoka akitabasamu. Nilipolisoma kwa sauti niliona nimekuandika kama mfagiaji. Umelala kwenye ngazi, unyamavu wote ni wako, na machozi yote ni ya walio ndani ya mlango.

Nimelichana. Ninakuahidi hivi: siku hiyo, mbele ya ndugu zako na mbele ya padri, nitasema kwamba ulikuwa na kelele, kwamba ulimkatiza kila mtu, kwamba ulitupatia macho na wewe mwenyewe ukasahau kutazama ngazi zako. Etienne nitamwomba aseme baada yangu, akitaka, na sitasoma kwanza atakachosema. Na samedi tutakianza kile kitabu cha mwanamke. Sehemu tutazipigia kura, vijiti kwenye kofia ya Papa Norbert. Amekubali, kwa sharti tusiichafue.

Nenda vizuri, Tonton. Mahali ulipo, ukikuta mlango umefungwa, usitabasamu. Gonga.

Mwanafunzi wako,
Zaina